Mshipi Uliosikia Pole

Mwanamke wa kitanda cha kwanza hakuwa anapumua, na hakuna aliyeonekana kujali.

Nilisimama mlangoni mwa wodi na mfuko wa ndizi mbivu, nikaanza kuandaa uso unaofaa kutangazia kifo. Nina uso wa namna hiyo. Shuleni huutumia kumweleza matroni kwamba uji umeungua. Shuka la yule mama lilikuwa limetulia kama kitambaa cha meza. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama. Nikafungua mdomo. Ndipo kifua chake kikaanza kupanda, taratibu, kama unga wa maandazi unaoumuka, kikapanda mpaka nikachoka kukitazama.

"Karibu," akasema kwa pumzi ile. Kisha akatulia tena.

Mimi ni mtu wa bweni. Najua watu wengi wakiwa chumba kimoja wanavyopumua: mmoja anakoroma, mwingine anasaga meno, mwingine anamtaja mwalimu wa hesabu kwa sauti ya mahaba na kesho yake anakana. Wodi hii haikuwa na sauti yoyote. Kila kitanda kilikuwa na mwanamke aliye macho, anayetabasamu kidogo, na kati ya pumzi yake na pumzi iliyofuata ungeweza kumenya ndizi, ukaila, ukatafuta pa kutupa ganda.

Mama yangu, Mwalimu Atuganile, alikuwa kitanda cha dirishani. Nje ukungu wa Tukuyu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai na haukuwa na mpango wa kuamka.

"Shikamoo, mama."

Nikasubiri marahaba. Nilisubiri kiasi cha kuanza kujiuliza nimemkosea nini.

"Marahaba," ikaja. Pumzi. "Ikupa." Pumzi. "Umekonda."

"Ni maharage ya shule, mama. Yanatuheshimu sana, hayathubutu kuingia kwenye sahani zetu."

Zamani angecheka. Sasa pembe za mdomo wake zilisogea tu, zikarudi mahali pake.

Kwa heshima zote nieleze kilichompeleka pale. Damu ya miguuni na nyongani hupanda kwenda moyoni kwa njia ya vena, na ndani ya vena mna vali, milango midogo inayofunga nyuma ya damu ili isiteremke tena. Mama alipomaliza kutuzaa sisi wanne, milango yake ya nyongani iligoma. Damu ikawa inatuama kama maji bondeni. Asubuhi alikuwa mzima; ikifika mchana alijihisi amebeba ndoo iliyojaa ndani ya nyonga zake, na hakuna pa kuitua. Alifundisha darasa la nne akiwa ameegemea ubao. Watoto walicheka kwa sababu alitoka darasani na chaki ya jedwali la kuzidisha nyuma ya sketi yake.

Dokta Lugano, mtaalamu wa mazoezi, alianza kumtibu kwa mikono. Alimlaza chali, akampandisha miguu ukutani, akamfundisha kupumua kwa tumbo. Kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, kikishuka hukamua tumbo, na damu iliyotuama husukumwa juu. Lakini misuli ya sakafu ya nyonga nayo lazima iachie wakati huohuo, la sivyo ni sawa na kukamua nguo iliyofungwa fundo. Mama aliweza akiwa mbele ya Dokta. Akifika nyumbani mwili ulisahau.

Ndipo Dokta akamfunga mshipi wa tiba, na mshipi hausahau. Unafungwa chini ya mbavu hadi nyongani. Umefumwa kwa nyuzi zinazosinyaa na kutanuka, na nyingine nyembamba zinazozungumza na neva, ili kiwambo na nyonga viende pamoja mchana na usiku, mgonjwa akitaka asitake. Mama aliufurahia. Alinipigia simu shuleni akaniambia amesimama kwenye foleni ya sukari mpaka zamu yake ikafika, na hakuegemea mtu. Baadaye Dokta alimlaza wodini pamoja na wenzake ili auangalie mshipi unavyofanya kazi.

"Nyonga bado zinauma?" nikamuuliza sasa.

"Kidogo."

"Pole, mama," nikasema, kwa sababu ndivyo alivyonilea.

Chini ya shuka mshipi ukatoa mlio mdogo, wa kitambaa kinachovutwa. Uso wa mama ukalegea. Mikunjo ya kwenye paji, ambayo naijua tangu nizaliwe na mingine nimeisababisha mwenyewe, ikafutika yote. Pumzi iliyofuata ilikawia kuliko zote.

"Tena," akasema.

Nikasema tena. Nilidhani ameanza kupenda kudekezwa.

*

Katika wodi ile yote kulikuwa na mtu mmoja aliyepumua kama mtu. Alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na mlango wa bafu, na alikuwa anakohoa, anakuna kichwa na kulalamika.

"Wewe mtoto wa mwalimu, hebu lete ndizi hapa. Huku kwenu watu wanaongea kama maneno wanayachota kisimani."

Aliitwa Stumai, mtu wa Tanga, muuza vitenge. Ugonjwa ulimzidia akiwa safarini, akashushwa kwenye basi, akaletwa hapo. Hakuwa na ndugu hata mmoja milimani.

"Wenzangu wanatembelewa na ukoo mzima," akasema mdomo umejaa. "Mimi hata paka hajanijia."

"Mshipi wako ni wa aina nyingine?"

"Uleule. Ila mimi maumivu yamepungua nusu tu. Wenzangu wamepona kabisa, watazame. Wamepona mpaka wanatisha."

Nikawatazama. Mwanamke wa kitanda cha kwanza alikuwa Mama Kissa, mke wa mchungaji, ambaye wageni wake hujaa mpaka uani. Huyo ndiye aliyepumua kwa nadra kuliko wote. Wa kitanda cha pili alikuwa mkunga aliyezalisha nusu ya wilaya. Halafu mama yangu, mwalimu wa watoto wa watu. Wodi nzima ilikuwa imepangwa kwa kupendwa: aliyependwa zaidi alikuwa amezama zaidi, na Stumai, asiye na mtu, alikuwa anatafuna ndizi.

Wageni huleta nini wodini? Chai, uji, Biblia. Na neno moja.

"Dada Stumai, naomba nikuhurumie kidogo."

"Unihurumie kwa lipi?"

"Kwa lolote. Kwa kuwa mbali na nyumbani."

"Kuwa mbali na nyumbani nimependa mwenyewe. Ungemwona mume wangu ungenipongeza."

Nikavaa uso wa mchungaji, nikamwekea mkono begani, nikasema kwa sauti nzito, "Pole, dada yangu. Pole sana."

Nilitegemea atacheka. Kitambaa kikalia chini ya gauni lake, na taya yake ikasimama. Ndizi ilibaki mdomoni, haitafunwi. Macho yakanikodolea, yamejaa hofu, kisha hofu yenyewe ikaanza kuyeyuka nikiiona, kama sukari kwenye chai. Mimi ndiye niliyeanza kuhema kwa niaba yake.

Pumzi yake ikarudi.

"Umenifanya," akasema. Pumzi. "Nini?"

"Nimekupa pole."

"Usirudie." Akatulia muda mrefu, mkono wake ukapapasa nyonga. Alionekana kama mtu anayesikiliza chumba cha jirani. "Zimenyamaza," akasema. "Zote."

Kisha akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Hebu," akasema, "nipe nyingine."

*

Dokta Lugano alinisikiliza katika chumba cha mazoezi, mbele ya nyonga ya plastiki iliyowekwa mezani kama sinia la wageni. Nilimweleza bila mzaha hata mmoja, jambo lililonichosha sana. Alipokaa chini nilijua kwamba ananiamini.

"Mshipi nilikuwa naufundisha kazi ya mikono yangu," akasema. "Wagonjwa walivaa mshipi huku nawahudumia, nao mshipi ukisikia na kuhisi. Nikitaka wavute pumzi, nilisema vuta. Nikitaka waachie bila kukaza, nilisema..."

"Pole pole."

"Pole pole. Na nikiwagusa mahali panapouma, nilisema pole."

"Kwa hiyo mshipi haukuona tofauti."

"Wala mwili hauoni, Ikupa. Mtu akipewa pole, msuli unaachia. Nimeuhisi chini ya vidole vyangu miaka yote. Mshipi haukukosea. Ulijifunza sawasawa." Akajifuta uso. "Walioutengeneza ni watu wa mbali. Kwao neno la mwendo na neno la huruma hayajawahi kukutana. Mimi ndiye niliyetakiwa kuona."

"Sasa neno la kuuharakisha ni lipi?"

Alifikiri kwa uaminifu. Nilimwona anatafuta.

"Hakuna," akasema. "Sijawahi kumwambia mgonjwa aharakishe."

Nikamwambia basi awavue. Akaniambia mshipi ukivuliwa ghafla damu yote itarudi bondeni kwa mkupuo, na mama atapata maumivu makali kuliko aliyokuja nayo. Baada ya hapo watarudi kwenye mikono, ukuta na kupumua kwa tumbo, kazi ya miezi mingi, na huenda asifike tena alipofikia sasa.

"Na asipovuliwa?"

"Vipimo vinasema damu yao ina hewa ya kutosha. Sijui inatosha vipi." Akaigeuza nyonga ya plastiki, ikatazama ukuta. "Nimewauliza kila mmoja kama nimvue. Wote wamekataa."

"Umewauliza wakiwa ndani ya mshipi."

"Ningewauliza wakiwa wapi?"

Nikaigeuza ile nyonga ya plastiki, ikatutazama tena.

Basi tukapiga marufuku neno. Nawaomba mlione zoezi hilo kwa uzito wake. Mlinzi wa getini alimwambia kila mgeni, "Wodini ni mwiko kusema pole," na kila mgeni akamjibu, "Haya baba, pole na kazi." Mama mmoja aliingia amefumba mdomo kwa mkono, akamwona muuguzi kajikwaa kwenye ndoo, mkono ukamtoka, na pole nyuma yake. Mwingine alihamia Kinyakyusa, akaongea vizuri mno mpaka wakati wa kuaga, alipomalizia kwa pole ili aeleweke. Ukipiga chafya unapewa pole. Ukibeba, ukichelewa, ukinyeshewa, unapewa pole. Hatukujua tulivyo na huruma nyingi mpaka ilipobidi tuizuie, na haikuzuilika. Kila ilipotoroka, vitambaa vililia kitanda hadi kitanda.

*

"Usinifungue," mama akaniambia.

Nilikuwa nimekaa pembeni yake namchana nywele. Mkono wangu haukuwa hata karibu na mshipi, lakini macho yalikuwa pale, kwenye kifungo cha ubavuni.

"Sijasema nitakufungua."

"Nakujua." Pumzi. Nilichana nywele, nikasuka upande mmoja wote, ndipo ya pili ikaja. "Huku kuzuri, Ikupa."

"Huku wapi? Uko wodini."

"Chini." Alitafuta maneno bila haraka. "Kama mtoni. Maji yametulia. Sisimami. Hakuna anayetaka nisimame."

"Watoto wa darasa la nne wanakuuliza. Wanaye mwalimu mpya, anawachapa kwa rula."

"Masikini," akasema, kwa sauti ya mtu anayesikia habari za nchi nyingine. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Mama, na sisi je?"

Alinitazama kwa upendo. Ndilo lililokuwa baya. Upendo ulikuwepo wote, haujapungua, ila ulikuwa umetulia kama yale maji yake, hauendi kwa mtu yeyote.

"Miaka yote niliumwa," akasema, "mkanipa pole bure, haikunisaidia. Sasa inasaidia, mnaninyima." Pumzi. "Niambie."

"Siwezi."

"Mama yako anaumwa. Mpe pole."

Sijui kama mmewahi kuombwa neno hilo na mzazi wenu mkakaa kimya. Kuna makosa mengi nimeyafanya shuleni nikiwa na moyo mweupe kabisa. Hili la kufunga mdomo mbele ya mama yangu lilinichoma kama nimemtukana. Aligeuza uso akatazama ukungu.

"Niapie," akasema. "Hutanifungua."

"Naapa, mama," nikasema. Alikuwa mama yangu. Ningefanya nini kingine?

*

Kwaya ya akina mama wa mtaani kwetu, ambamo mama huimba sauti ya pili, ilikuja mchana, saa za kuona wagonjwa. Waliongozwa na Mama Gwantwa, mwanamke mpana, mwenye sauti inayoweza kusimamisha trekta. Mlinzi aliwaonya, Dokta Lugano akawaonya tena mlangoni, nami nikawaonya mara ya tatu kwa ishara ya kukata shingo.

Waliingia midomo imebanwa. Walikizunguka kitanda cha mama, wakasimama kwa mpangilio wao wa kanisani bila kuambiwa, na hawakusema kitu. Nilijivunia. Mama aliwatazama mmoja mmoja, anasubiri, na wao wakatazama sakafu.

Kisha Mama Gwantwa akanitazama mimi. Nadhani nilikuwa na macho mekundu, na sare ya shule ilikuwa haijafuliwa. Uso wake ukavunjika. Akanivuta, akanigandamiza kwenye kifua chake.

"Mwanangu," akasema, "pole."

Kwaya inafundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: kiongozi akitoa, unaitikia.

"Pole," wakaitikia.

Sauti zote nne. Ilikuwa nzuri. Nasema kwa masikitiko kwamba sijawahi kuwasikia wakiimba vizuri namna ile. Ikajaa wodi, ikagonga dari, ikarudi, na chini ya kila shuka kitambaa kikalia kwa pamoja. Vifua vikashuka vyote.

Hakuna kilichopanda.

Mama Gwantwa aliniachia. Alikuwa ameshajua. Dokta Lugano alikimbilia kitanda cha Mama Kissa, akanipazia sauti juu ya bega lake, "Ikupa, huyo ni wako." Nikamwona ameshika kifungo cha Mama Kissa, hafungui wala haachii.

Mama alikuwa anatabasamu. Uso wake haukuwa na mkunjo hata mmoja. Alionekana mdogo, karibu rika langu, msichana aliyekaa mahali pazuri na hataki kuitwa. Nilimsubiri. Nilimpa nafasi ya kurudi mwenyewe ili nisivunje kiapo. Midomo yake ikaanza kubadilika rangi.

Nikafungua.

Mshipi ulitoka kwa mlio wa kitu kilichong'olewa. Kwa kitambo hakukuwa na lolote, kisha mama akavuta pumzi kwa sauti, kama mtu aliyetolewa majini, na damu ikateremka. Niliona ikifika. Niliona mikunjo yote ikirudi usoni mwake, mmoja baada ya mwingine, na mingine mipya. Akajikunja akilia, akashika nyonga zake kwa mikono miwili.

Dokta Lugano aliona. Akakifungua kifungo alichokuwa amekishika, akaenda cha pili, cha tatu, bila kumwuliza mtu. Wodi ikajaa vilio. Ilitisha kusikia, na kila kilio kilikuwa na pumzi ndani yake.

Alipofika kitanda cha mwisho, Stumai alikuwa tayari amekumbatia mshipi wake kwa mikono yote miwili. Pole ya kwaya haikummaliza; alikuwa amepokea chache sana maishani mwake.

"Mimi," akasema. Pumzi. "Niache."

"Stumai, utakufa."

"Mimi mtu mzima." Pumzi. "Na mimi ndio kwanza nimepewa."

Dokta alisimama pale. Kisha mkunga akaanza kuanguka kutoka kitandani, ikabidi amkimbilie.

Mama alikuwa ananitazama.

"Nani amefungua?"

"Mimi."

"Uliapa."

"Niliapa, mama."

Machozi yalimtoka, ya maumivu na ya hasira. Hakuwa ametulia hata kidogo. "Angalau nipe pole," akasema, na sauti yake ilikuwa ya binadamu anayeumwa, hakuna zaidi. Mshipi wake ulikuwa sakafuni. Neno lisingemdhuru tena. Nikaona midomo ya Mama Gwantwa ikitetemeka, kwaya nzima ikivuta pumzi nyuma yake, na nikainua mkono kuwazuia, kwa sababu mshipi mmoja ulikuwa bado unasikiliza.

"Lete miguu," nikamwambia mama. Nikaipandisha mabegani mwangu, kama Dokta alivyokuwa akiipandisha ukutani, nikamwekea kiganja tumboni. "Vuta. Mpaka mkono wangu upande."

"Huna moyo wewe."

"Sina. Vuta."

Akavuta, akinichukia. Tumbo likapanda chini ya kiganja changu. Akashusha. Akavuta tena bila kuambiwa.

Ndipo nikasikia, kutoka upande wa bafu, sauti ya mtu anayeongea na mtoto ili alale.

"Pole, Stumai," Stumai alijiambia mwenyewe. Kitambaa kikalia. Pumzi ikakawia. "Pole sana."

Dokta Lugano alikuwa amembeba mkunga. Kwaya ilikuwa imesimama kati yangu na kitanda cha mwisho, wanatazamana. Nami nilikuwa na miguu ya mama mabegani, na damu yake ndiyo kwanza inaanza kupanda. Sikuweza kuishusha miguu ile.